Mugumu walipompiga chini Naibu Waziri

Nimepotea kama wiki tatu hivi, msinisute jamani, kulikuwa na majaribio mfululizo na bumu nalo likachelewa, kwa hiyo hata hela ya vocha ilikuwa ya kuungaunga. Sasa nimerudi. Na leo sina habari za foleni ya kafteria wala za mshkaji wangu wa chumba anayekoroma (ingawa anakoroma hata sasa hivi ninavyoandika). Leo nataka niwapeleke nyumbani kidogo.

Chanzo chenyewe ni semina ya historia wiki iliyopita. Mada ilikuwa uchaguzi wa mwaka 1965, ule wa kwanza wa chama kimoja, nitarudi huko baadaye. Mjadala ukahama, si mnajua semina za saa nane mchana watu wameshiba wali maharage, tukajikuta tunaongelea mawaziri walioanguka kwenye chaguzi mbalimbali. Jamaa mmoja akanigeukia: "Ninyi watu wa Mara bwana, ninyi hampigi kura, mnapiga watu. Waziri kwenu hakai!" Darasa zima likacheka. Nikacheka na mimi, maana lilichekesha kweli. Mwingine akaongezea kwamba Mkurya ni mkaidi tangu enzi za Mjerumani, halafu tukaendelea na mengine kama vile jambo limeshaelezwa likaisha.

Ndugu zangu, halijaisha. Ukisema watu wamemwangusha waziri kwa sababu ni wakorofi, huna tena haja ya kuuliza waziri alikuwa amekaa wapi, wala kuuliza habari za mgodi, tembo au barabara. Kazi yote ya kufikiri waliyoifanya wapiga kura inafutwa kwa neno moja. Kwa hiyo nikaamua niandike mwenyewe. Mimi kwetu ni Mugumu, wilaya ya Serengeti, na ujombani ni Tarime upande wa Nyamwaga, kwa hiyo ugomvi huu unanihusu pande zote mbili.

Tuanze na tukio lenyewe. Uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba 2015. Mbunge wetu wa Serengeti alikuwa Dk. Stephen Kebwe wa CCM, aliyeingia bungeni mwaka 2010, na tangu Januari 2014 alikuwa Naibu Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii. Akashindwa. Aliyemshinda ni Marwa Ryoba Chacha wa CHADEMA. Siku hiyohiyo Tarime, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imegawanywa kuwa majimbo mawili, yote mawili yakaenda CHADEMA: Esther Matiko akachukua Mjini, John Heche akachukua Vijijini. Na pale Bunda Mjini, Stephen Wasira, waziri kamili, mzee aliyeingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970, akaangushwa na Ester Bulaya, mwanamke wa umri wa mwanawe ambaye miezi michache tu kabla alikuwa CCM mwenzake. Majimbo manne kati ya kumi ya mkoa mzima wa Mara yakawa ya upinzani, na ndani yake waziri mmoja na naibu waziri mmoja wako chali.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Kura sikupiga lakini macho nilikuwa nayo. Ninachokumbuka kuhusu Mugumu siku matokeo yalipotoka ni pikipiki zilizofungwa matawi ya miti, honi, akina mama wa sokoni wameacha nyanya zao peke yake, na vumbi. Vumbi jingi sana. Lakini kuna kitu nilikigundua baadaye kabisa nikiwa sekondari, nilipokuwa najaribu kuikumbuka siku ile: sikumbuki mtu akipiga kelele za jina la mbunge mpya. Walikuwa wanasema "ametoka!" Ametoka, ametoka, ametoka. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima zake ambaye huwa hacheki ovyo, alimwambia bibi yangu, "Mama, leo nimelala usingizi mzito," na bibi akamuuliza, "Kwani huyo aliyeingia unamjua?" Mzee akajibu, "Huyo tutamjua mbele ya safari." Hiyo ndiyo nukuu yangu ya kwanza ya historia, na kwenye marejeo ya wahadhiri wetu haipo, he he he.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa semina. Kwanza kabisa, Serengeti siyo Wakurya peke yao. Kuna Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, na wengine kibao waliohamia. Bunda ndiyo kabisa, ni mchanganyiko wa watu wengi. Kwa hiyo hoja ya "Mkurya mkaidi" inaanguka hata kabla hatujafungua daftari. Pili, ukaidi gani huu unaokuja na kuondoka? Serengeti ilimchagua mgombea wa CCM mwaka 2005, ikamchagua Kebwe huyohuyo wa CCM mwaka 2010. Tarime nayo mwaka 2010 ililirudisha jimbo kwa CCM kupitia Nyambari Nyangwine (ndiyo, ni yuleyule wa vitabu tulivyokaririshwa sekondari). Mtu mkaidi hana ratiba ya miaka mitano mitano. Hawa watu walikuwa wanapima kitu.

Walikuwa wanapima nini? Hapa ndipo utamu ulipo, naomba mnivumilie.

Wilaya ya Serengeti imebanwa na hifadhi. Ukiacha Hifadhi ya Taifa yenyewe, kuna mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Mkulima wa kijiji cha pembezoni anaamka usiku kufukuza tembo kwa debe na tochi. Tembo akimaliza shamba, kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Majina yenyewe mnayaona! Hayaitwi fidia. Kwa mtu aliyeuawa na mnyama kifuta machozi kiliwekwa shilingi milioni 1. Roho ya mtu, milioni 1, na hiyo nayo ni mpaka fomu zizunguke. Upande wa pili, ukikutwa na nyama ya nyumbu ndani ya sufuria, hakuna kifuta chochote, ni mahakamani moja kwa moja.

Halafu Oktoba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Wanaozunguka hifadhi nchi nzima walilia, zikaja taarifa za vipigo, mateso na mifugo kuuawa, hadi operesheni ikasimamishwa na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakaondolewa kwa mpigo kutokana na ripoti iliyosomwa bungeni. Sasa sikilizeni historia inavyopenda utani: nafasi zilipokuwa wazi, Rais Kikwete akapanga upya baraza lake Januari 2014, na kwenye upangaji huohuo ndipo mbunge wetu akapata unaibu waziri. Kwa maneno mengine machozi ya watu wa pembezoni mwa hifadhi yalisaidia kufungua mlango alioingilia mbunge wa watu wa pembezoni mwa hifadhi.

Mnaweza kudhani Mugumu tulisherehekea. Kuna waliosherehekea, sikatai. Lakini mimi naamini unaibu waziri ulimponza. Mbunge wa kawaida anaweza kusimama bungeni akafoka, akasema serikali imetuonea, akarudi jimboni akala kichuri na wazee wakamwita mura. Naibu waziri hawezi. Naibu waziri ndiye serikali. Akisimama ni kujibu maswali ya wabunge wa majimbo mengine kuhusu zahanati zao. Wewe wa Mugumu unasikiliza redioni, unamsikia mtu wako anaahidi gari la wagonjwa kwa watu wa mbali kabisa, na wewe mama mjamzito kwenu anabebwa kwa pikipiki. Ni haki? Labda siyo haki, wizara haiendeshwi na naibu wake, bajeti anapangiwa. Lakini mpiga kura hana karatasi ya kura ya Wizara ya Fedha. Ana ya mbunge.

Na barabara! Kabla ya uchaguzi wa 2010 iliahidiwa barabara ya lami kutoka upande wa Musoma kupita Natta na Mugumu kwenda Loliondo hadi Arusha. Dunia nzima ikapiga kelele kwamba itakata njia ya nyumbu. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha na mwezi Juni 2014 mahakama ikasema serikali isijenge lami ndani ya hifadhi. Mimi kwa kweli sina ugomvi na nyumbu, nawapenda. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mfanyabiashara wa Mugumu mwaka 2015. Umeahidiwa lami, umesikia Wazungu wanapinga lami, umesikia mahakama imezuia lami, na kile kipande cha kwako ambacho hakimo ndani ya hifadhi wala hakikukatazwa na mtu yeyote nacho bado ni vumbi. Lile vumbi la kwenye pikipiki zenye matawi, ndilo hilo.

Tarime ni hadithi nyingine, ingawa ukivuka tu mto Mara uko huko. Tarime ni mpaka wa Sirare na Tarime ni dhahabu ya Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza mwaka 2002, ukabadilisha wenyewe mara kadhaa, Barrick wakauchukua mwaka 2006. Mei 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi watu waliovamia mgodi kutafuta mawe ya dhahabu, wakafa watano. Wanavijiji wengine wakaenda kushtaki hadi London, na kesi hiyo ikamalizwa kwa makubaliano mwanzoni mwa 2015, mwaka wa uchaguzi wenyewe. Ujombani kwangu kuna neno, "kutegesha", yaani kupanda mazao au kujenga kibanda harakaharaka mahali unapojua mgodi utakuja kulipa fidia. Watu wa Dar wakilisikia wanacheka wanasema ujanja wa kishamba. Mimi nasema ni elimu ya uchumi: mtu ameshajifunza kwamba ardhi yake ina thamani siku anapoondolewa tu.

Mtu wa kuelewa Tarime lazima amjue Chacha Wangwe. Alishinda ubunge mwaka 2005 kwa CHADEMA, mwaka ambao Kikwete alizoa zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais nchi nzima. Fikiria, nchi nzima iko kijani halafu Tarime wanasema hapana asante. Wangwe akawa makamu mwenyekiti wa chama chake, akagombana na wakubwa wa chama chake, akasimamishwa uongozi, na tarehe 28 Julai 2008 akafa kwa ajali ya gari mkoani Dodoma akiwa safarini kuelekea Dar. Tarime haikukubali kirahisi kwamba ni ajali. Mazishi yakasogezwa mbele, mwili ukachunguzwa mara ya pili. Watu walikuwa na hasira na CHADEMA, nataka hili mlishike vizuri, hasira na CHADEMA YENYEWE, viongozi wake wa kitaifa walifika msibani wakionekana kama washukiwa.

Kwa hesabu za kawaida, Oktoba ile kwenye uchaguzi mdogo CCM walikuwa wanaokota tu. Wakaja vigogo, magari, helikopta, askari wa kutuliza ghasia kila kona. Mchungaji Mtikila wa DP naye akaja kuzungumzia kifo cha marehemu jukwaani, akapigwa mawe. Tarehe 12 Oktoba 2008 watu wakapiga kura, wakamchagua Charles Mwera. Wa CHADEMA!

Mjomba wangu aliyepiga kura siku ile nimemuuliza mara nyingi kwa nini. Jibu lake huwa lilelile: "Ugomvi wa ndani ya nyumba haumpi jirani haki ya kuchukua ng'ombe." Sasa niambieni, huo ni ukorofi? Huyo mtu ametenganisha vitu viwili ambavyo wachambuzi wa magazetini hawakuvitenganisha: anaweza kuwachukia viongozi wa chama na akakataa kuwapa ushindi wapinzani wa chama hicho. Mimi ningempa A.

Nirudi kwenye 1965 kama nilivyoahidi. TANU peke yake, kila jimbo wagombea wawili, mmoja alama ya jembe mwingine alama ya nyumba. Watu wengi huko nje walidhani ni maigizo. Matokeo yalipotoka mawaziri wawili walikuwa wameanguka pamoja na mawaziri wadogo kadhaa. Bibi Titi Mohamed, sauti ya uhuru, alianguka Rufiji. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa, alianguka hukohuko Kanda ya Ziwa kwao, Mwanza. Yaani hata bila chama cha upinzani mpiga kura alitafuta mwanya wa kusema "wewe, umetosha".

Na Bomani akaenda wapi? Mwalimu akamteua kuwa mbunge, akarudi kwenye baraza la mawaziri. Watu wa Mwanza wamesema hapana jioni, asubuhi Ikulu imesema ndiyo. Mwalimu alikuwa na sababu zake, nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika kwa vidole, simlaumu sana. Ila mchezo ule ukazoeleka.

Maana sasa angalieni 2015. Kebwe kaanguka Serengeti. Godfrey Zambi kaanguka Mbozi. Aggrey Mwanri kaanguka Siha. Anne Kilango Malecela kaanguka Same Mashariki. Wote wanne walikuwa manaibu waziri. Machi 2016 Rais Magufuli akatangaza wakuu wa mikoa, na mkeka ukasomeka hivi: Morogoro Kebwe, Lindi Zambi, Tabora Mwanri, Shinyanga Kilango. Nilipoipanga orodha hii kwenye daftari nikaitazama kama dakika tano nzima. Mpiga kura anaangusha, mteuzi anaokota. Mama Kilango alitumbuliwa ndani ya mwezi mmoja kwa sakata la watumishi hewa, halafu mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mbunge! Kebwe yeye alikaa Morogoro hadi Septemba 2019.

Sisemi hao watu hawafai kazi. Daktari aliyekosa kura Mugumu anaweza kabisa kuwa mkuu wa mkoa mzuri Morogoro, ubunge na utawala ni vitu viwili. Ninachosema ni kwamba yule mzee jirani yetu aliyelala usingizi mzito alikuwa anadhani amemaliza jambo.

Na upande wa aliyeingia? "Huyo tutamjua mbele ya safari." Tukamjua. Mwaka 2018, enzi zile za kuunga mkono juhudi, Marwa Ryoba akajiuzulu CHADEMA akahamia CCM, ukaitishwa uchaguzi mdogo, akarudi bungeni akiwa na shati la kijani. Nakumbuka bibi yangu aliposikia taarifa ya habari hakusema neno, aliongeza sauti ya redio tu, kama vile labda amesikia vibaya. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mtaani watu hawakutukana sana, nilitegemea kelele, badala yake kukawa na ukimya wa ajabu, ule wa mtu aliyenunua simu Kariakoo akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni.

Siyo Serengeti peke yake, tuwe wakweli. Mwita Waitara, mtu wa Tarime, alishinda Ukonga kule Dar kwa CHADEMA mwaka 2015, akahama 2018, akawa naibu waziri, na mwaka 2020 akaja kuchukua Tarime Vijijini kwa CCM. Uchaguzi huo wa 2020 CCM ilichukua karibu majimbo yote nchini na upinzani ukalalamika vikali kwamba haukuwa uchaguzi. Matiko na Bulaya walikosa majimbo, halafu Novemba wakaapishwa viti maalumu pamoja na wenzao, jumla 19, na chama chao kikawafukuza kwa sababu hiyo.

Baba yangu mkubwa ambaye amefanya biashara ya mahindi Sirare kwa miaka mingi ana nadharia yake. Anasema sisi tunaoishi mpakani tuliharibiwa na Kenya. Desemba 2002 alikuwa upande wa pili, Isebania, siku Wakenya walipompiga chini mgombea wa Moi. Anasimulia mpaka leo jinsi watu walivyokumbatiana na wasiowajua, na jinsi walivyosikia redioni kwamba pale Uhuru Park, Kibaki anaapishwa, Moi alirushiwa matope na umati. Rais wa miaka 24! Mwaka 2007 wakarudia, makamu wa rais Moody Awori akapoteza kiti chake, mawaziri wakaanguka kibao, watoto watatu wa Moi wakakosa ubunge siku moja. (Yaliyofuata baada ya kura za urais 2007 tunayajua, wakimbizi walipita hapohapo Sirare, baba mkubwa hapendi kuyasimulia.) "Ukishaona kwa jirani kwamba mkubwa anatoka," anasema, "huwezi tena kuambiwa kwamba haiwezekani."

Nimeifikiria sana nadharia ya baba mkubwa na nadhani ina nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hii: Zambia walimtoa Kaunda mwaka 1991 kwa kura, Malawi wakamtoa Banda mwaka 1994 kwa kura, Kenya wakakiondoa KANU. Tanzania hakuna rais aliyewahi kushindwa uchaguzi akiwa madarakani. Hakuna chama kingine kilichowahi kuingia Ikulu. Kwa hiyo hasira yote ambayo kwa wenzetu inapanda hadi juu, kwetu inaishia kwa mtu wa serikali aliye karibu zaidi na ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya kijijini. Naibu waziri wa afya anabeba mizigo ya tembo, lami, polisi na bei ya mbolea. Hakuna mwingine wa kubebeshwa.

Na wala siyo kazi rahisi, wanaodhani ni kuamka tu na kukasirika hawajawahi kuiona. Mwaka 2015 mawakala walikesha na fomu zao za 21B, zile za matokeo ya ubunge kituo kwa kituo, wengine wamezikunja ndani ya soksi. Watu walibishana nchi nzima kama unaruhusiwa kukaa mita 200 kutoka kituoni kulinda kura, hadi mahakama ikatoa uamuzi siku mbili kabla kwamba ukishapiga uondoke. Walioondoka waliondoka, walakini hawakwenda kulala. Binamu yangu alikuwa wakala. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa. Alinisimulia kwamba kilichomtesa usiku ule siyo njaa wala vitisho, ni betri ya simu, maana alikuwa anatuma matokeo ya kituo chake kwa mtu anayejumlisha mjini, na umeme kijijini hakuna. Huyo ndiye "mkorofi" wetu. Kijana na simu yenye chaji asilimia nne, anazima anawasha, anazima anawasha, kumwondoa naibu waziri wa Jamhuri ya Muungano.

Binamu huyohuyo nilimpigia juzi nikiwa naandaa haya maandishi. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki Mugumu na siasa haitaki hata kuisikia. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura, na John Heche, ambaye sasa ni makamu mwenyekiti wa chama hicho taifa, siku ya uchaguzi alikuwa mikononi mwa polisi. Nikamuuliza binamu kama anajutia usiku ule wa 2015. Akanyamaza kidogo, nikadhani salio limekata. Halafu akasema fomu ya kituo chake bado anayo, ameiweka pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mwanawe. Nikamwambia anitumie picha niiweke hapa muione. Akakataa katakata, akasema, "Wewe mura soma kwanza umalize."

Haya wadau, semina inayofuata ni Jumanne na nimeshaomba dakika kumi za kuzungumza. Yule jamaa aje amejiandaa. Mwenye kumbukumbu za 2015 za kwao, Siha, Mbozi, Buyungu, popote alipoangushwa kigogo, aniandikie, hasa kuhusu siku ya pili yake watu walisema nini sokoni. Mimi naenda kupanga ndoo, maji yametoka ghorofa ya chini.